Uchambuzi wa kisa: mkimbiaji aliyedandia mbio za mtaa jijini Nairobi

Kisa hiki kilitokea Jumapili moja asubuhi, katika mbio za barabarani za kilomita 10 na 21 zilizoandaliwa na wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi ili kuchangia zahanati yao. Ninakiandika kwa sababu nilihusika. Mimi ndiye mratibu wa kikundi cha wakimbiaji ambacho mhusika ni mwanachama wake, na uamuzi mmojawapo kati ya yatakayochambuliwa hapa chini ni wangu mwenyewe. Mhusika na waandaaji wameridhia kisimuliwe. Majina, mwaka, mtaa na hospitali vimeondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa mkondo wa kisa yamebadilishwa.

Usuli

Kikundi chetu kina watu wapatao thelathini. Jumamosi tunakimbia katika msitu wa Karura, na siku za kazi baadhi yetu hukutana alfajiri kandokando ya Ngong Road kabla matatu hazijaijaza. Hatuna bingwa hata mmoja, na anayemaliza kilomita 21 kwa saa mbili na dakika kumi hupigiwa makofi.

Mhusika ni mwanamume wa makamo ambaye ameishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu ujana wake, kwa hiyo hujidunga insulini kila siku. Katika mambo ya afya alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote: alipima sukari kabla ya kukimbia, alipunguza dozi siku ya mbio ndefu kama daktari wake alivyomwelekeza, na alibeba peremende za glukosi katika kimkoba cha kiunoni. Jambo hili lazima lisemwe mapema, kwa sababu watu wengi waliposikia habari hii mara ya kwanza walidhani ni kisa cha mgonjwa mzembe.

Ada ya mbio ilikuwa shilingi 1,500, ikilipwa kwa M-Pesa, na usajili ulifungwa Jumatano usiku ili namba zipate kuchapishwa. Mshahara wa mhusika mwezi huo ulichelewa, ukaingia Alhamisi mchana. Alipojaribu kujisajili alipata ujumbe kwamba nafasi zimefungwa. Aliwapigia waandaaji simu, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna namna, namba ziko kwa mchapishaji.

Waliosajiliwa walipewa bahasha yenye fulana, pini nne na namba ya kuvaa kifuani, iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu isiyoraruka kwa jasho. Nyuma ya namba kulikuwa na chipu nyembamba ya kunasa muda, imebandikwa kama stempu, na chini yake mistari minne ya kujazwa kwa kalamu: jina, simu ya ndugu wa karibu, aina ya damu, ugonjwa au dawa unayotumia. Wengi hawajazi mistari hiyo. Nimeshika namba nyingi za wenzangu kwa miaka kadhaa, na nyingi nyuma zilikuwa nyeupe kabisa.

Katika kikundi chetu, kukimbia mbio bila kusajiliwa huitwa kudandia, kama watoto wanavyodandia nyuma ya lori linalopanda mlima polepole. Tulikuwa hata na kanuni zisizoandikwa za mtu tuliyemwita mdandiaji mstaarabu: asinywe maji ya waliolipa, asivuke mstari wa mwisho, asichukue medali, wala asivae fulana ya kikundi asije akatuaibisha. Kanuni hizo nilizisikia kwa walionitangulia, na kwa miaka kadhaa niliwarudia wageni kana kwamba ni hekima.

Jinsi mambo yalivyotukia

Ijumaa jioni mhusika aliniambia, tukinyoosha misuli baada ya mazoezi, kwamba atakuwepo Jumapili hata kama hana namba. Atamsindikiza rafiki yake mpaka njia panda ya kilomita 9, ambapo wakimbiaji wa kilomita 10 hugeuka kuelekea mstari wa mwisho, kisha ataenda zake nyumbani. Nilimwambia, "Sawa, ndugu yangu, ila ustaarabu tu." Hatukusema zaidi ya hapo.

Jumapili aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akanywa chai na vipande viwili vya mkate, akajidunga dozi yake ya kawaida. Hakuipunguza, kwa sababu aliyoipanga ni kilomita 9 za mwendo mwepesi. Alivaa fulana ya kijivu isiyo na maandishi. Kimkoba cha kiunoni, ambacho ndani yake mlikuwa na peremende, alikiacha pamoja na simu katika buti la gari la rafiki yake. Alitaka aonekane kama mtu yeyote wa mtaa aliyetoka kunyoosha miguu asubuhi.

Mbio zilianza saa kumi na mbili na nusu. Alisubiri watu mia hivi watangulie, akaingia barabarani kutoka kando, umbali mfupi baada ya mkeka wa kunasa muda. Walifika njia panda wakiwa wachangamfu, na hapo mpango ukabadilika: rafiki yake alimshika mkono akamwambia miguu yao leo ni myepesi, twende yote. Wakaenda. Kwenye kilomita 13 rafiki, ambaye ana kasi zaidi, alimwacha nyuma kidogo kidogo hadi hawakuonana tena.

Kwenye kilomita 15 kulikuwa na meza ya maji. Ilikuwa na maji, soda iliyomiminwa katika vikombe, vipande vya machungwa na ndizi. Mhusika anakumbuka vizuri kwamba alipoikaribia alikuwa ameanza kutetemeka vidole, na kwamba aliiona soda. Alivuka barabara akapita upande wa pili. Aliniambia baadaye kwamba msichana aliyekuwa akigawa vikombe alimtazama kifuani, naye akaona haya kunyoosha mkono.

Mambo ya baada ya hapo yeye hayakumbuki, na nimeyakusanya kwa walioyaona. Karibu na kilomita 17, mnamo saa mbili na dakika ishirini, alionekana akitembea kwa kuyumba karibu na steji ya matatu, akijisemesha, kisha akajaribu kukaa kwenye ukingo wa barabara akaukosa, akaanguka na kupasuka juu ya jicho. Mwelekezaji wa njia, kijana aliyejitolea siku hiyo, aliita kwa redio ya mkononi. Mazungumzo yalikuwa hivi, kwa kadiri kijana mwenyewe alivyonisimulia:

"Kuna mwanamume anayumba hapa steji, ameanguka."

"Namba yake?"

"Hana namba."

"Basi huyo si wetu. Huenda ametoka kilabuni. Wewe linda njia."

Kijana akalinda njia. Hapo ilipita kama robo saa.

Aliyeukata mkwamo huo ni mama anayeuza chai na mandazi penye steji hiyo. Yeye aliangalia viatu. Aliniambia kwamba hajapata kuona mlevi wa Jumapili asubuhi aliyevaa viatu vya mbio, na zaidi ya hayo alimwinamia hakusikia harufu ya pombe. Alimkalisha juu ya kreti ya soda, akampa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Kikombe cha kwanza kilimwagika karibu chote, cha pili akaanza kukinywa. Kisha akamwendea yule kijana na kumwambia aite tena. Kijana akajibu, "Mama, tumeambiwa si mkimbiaji." Mama akamuuliza, "Kwani lazima awe mkimbiaji ndio augue?"

Ambulensi, ambayo wakati wote huo ilikuwa imeegeshwa nusu kilomita kutoka hapo, ilifika ndani ya dakika tatu. Mhudumu hakuuliza habari ya namba. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa anapumua sawasawa lilikuwa kumchoma kidole na kupima sukari, na kipimo kikasoma 2.4, ilhali kwa mtu anayetumia insulini chochote kilicho chini ya 4 ni cha kushughulikiwa papo hapo. Alipewa glukosi kwenye mshipa, na kwa kuwa alikuwa ameumia kichwani akapelekwa hospitali. Njiani akili ilimrudia. Akataja jina lake, lakini alipoulizwa simu ya mtu wa kupigiwa, hakuikumbuka hata moja. Siku hizi nani anayo kichwani namba ya mkewe? Alikumbuka namba yake mwenyewe tu, na simu hiyo ilikuwa ikilia bila mlio ndani ya buti la gari.

Rafiki yake alimaliza kabla ya saa tatu. Hakumwona mhusika, wala hakushtuka, kwa sababu mdandiaji mstaarabu havuki mstari wa mwisho. Alidhani amechepuka mahali akaenda kunywa chai. Saa nne kasorobo ndipo alipoanza kuuliza. Katika hema la waandaaji aliambiwa ataje namba, na aliposema hakuna, akaonyeshwa orodha ya kompyuta: kila chipu iliyovuka mkeka wa kuanzia ilikuwa imevuka wa kumalizia au imeripotiwa kwamba mwenyewe ameacha mbio. Hakuna aliyepotea. Gari la kufagia njia, lile linalowafuata wakimbiaji wa mwisho, lilikuwa limekwisha rudi, na maturubai yalikuwa yanakunjwa. Alirudi kwenye gari, akafungua buti achukue maji, akaona kioo cha simu ya mwenzake kimewaka, na simu tano ambazo hazikupokelewa kutoka namba asiyoijua. Mke wa mhusika alipata habari karibu saa tano, saa mbili na nusu baada ya mumewe kuanguka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa mhusika kukimbia bila namba haukutokana na ubahili. Fedha alikuwa nazo tangu Alhamisi na alitaka kulipa. Kilichomsukuma ni kwamba alikuwa amejiandaa kwa wiki kumi, na aliona kizuizi kilichobaki ni cha karatasi tu. Uamuzi wake wa kuacha kimkoba na kutogusa meza ya kilomita 15 ulitokana na heshima: hakutaka kula cha watu. Ule wa kuendelea kutoka kilomita 9 hadi 21 ndio pekee ambao yeye mwenyewe anauita wa kipumbavu, maana alijua ni dozi gani imo mwilini mwake, na msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kutoka damuni hata bila kusukumwa na insulini, sembuse insulini ikiwapo kwa kipimo cha mtu aliyekaa.

Aliyekuwa kwenye redio alikuwa na sababu zake pia. Alikuwa na ambulensi mbili kwa njia yenye urefu wa kilomita 21, asubuhi ya kuamkia Jumapili katika mtaa wenye vilabu, na tayari alikuwa ameitwa mara mbili kwa watu ambao kweli walikuwa wamelewa. Alitumia namba kama njia ya haraka ya kugawa alichokuwa nacho kidogo. Ningekaa mahali pake, na kwa uchovu ule, sijui kama nisingesema vilevile.

Uamuzi wangu ulikuwa kunyamaza. Nilikuwa na simu ya mwandaaji mkuu. Nilijua pia kwamba mhusika ana kisukari, kwa sababu fomu zetu za kikundi zinaonyesha. Sikupiga kwa kuwa niliona si kazi yangu kumchongea mtu mzima kwa jambo ambalo wengine wanalifanya kila mwaka, na kwa kuwa nilikwisha kumpa "ushauri". Hizo ndizo sababu. Sioni namna ya kuzipamba.

Matokeo

Mhusika alishonwa nyuzi tatu akaruhusiwa jioni ileile. Gharama alilipa mwenyewe, kwani bima ya siku moja ambayo waandaaji walikuwa wamenunua iliwahusu waliosajiliwa tu. Jumatatu aliwapelekea waandaaji shilingi 1,500 kwa simu pamoja na barua ya kuomba radhi. Walizirudisha, wakamwomba badala yake aje kwenye kikao chao cha tathmini, jambo ambalo naliona la busara kuliko adhabu yoyote waliyoweza kumpa.

Yule kijana mwelekezaji wa njia aliumia sana moyoni na hakurudi kujitolea mwaka uliofuata. Mama wa chai nilimwendea kumshukuru na kumlipa. Akanidai vikombe viwili, shilingi arobaini, akisema kimoja kilimwagika lakini maziwa yalikuwa maziwa.

Uchambuzi

Nianze na yaliyofaulu, kwa kuwa ni machache. Mhudumu wa ambulensi alipima sukari kabla ya kukisia, na hilo lilifuta papo hapo hoja ya ulevi, ambayo ingeweza kumfuata mgonjwa hadi hospitali. Dalili za sukari kushuka na dalili za pombe hufanana mno, jasho, kuyumba, maneno yasiyo na mpangilio, hata ukali wa ghafla, kwa hiyo anayeamua kwa macho hukosea kwa urahisi. Mama wa chai alimpa kitu chenye sukari mtu aliyekuwa bado anaweza kumeza, akamkalisha wima. Alifanya hivyo bila mafunzo. Hata hivyo ni bora isemwe wazi kwamba laiti mhusika angekuwa amezimia, chai hiyo ingeweza kumpalia, na aliyezimia hatiliwi kitu kinywani hata kidogo.

Sasa makosa. La kwanza, na ambalo kikundi chetu kilichukua muda mrefu kulikubali, ni zile kanuni za mdandiaji mstaarabu. Tulizitunga ili kupunguza dhara kwa waandaaji, na kwa kweli zinapunguza: anayezifuata hapunguzi maji ya mtu, haharibu orodha ya matokeo, hachukui medali ya mtu. Lakini tukipanga kanuni hizo mbele ya tukio hili moja moja, tunaona kwamba kila moja ilimwondolea mhusika ngazi moja ya usalama. Fulana isiyo na maandishi ilifanya wenzetu watatu waliompita kwenye kilomita 16 wasimtambue. Kutogusa meza kulimnyima sukari iliyokuwa imewekwa wazi hatua nne kutoka mkononi mwake. Kutovuka mstari wa mwisho kulimfanya rafiki akae karibu saa nzima bila wasiwasi. Mdandiaji mlafi, anayekunywa soda za watu na kujipenyeza hadi kwenye medali, angekuwa salama zaidi asubuhi ile kuliko huyu aliyejistahi. Nilipolisema hili kikaoni kuna waliokasirika, wakidhani ninawahimiza watu wale cha wenyewe. Nilichokuwa nikisema ni kwamba hakuna namna ya kistaarabu ya kujificha katika shughuli ambayo usalama wake unategemea kuonekana.

Kosa la pili ni swali la redio. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinasema wazi kwamba mwanariadha haruhusiwi kushiriki bila kuvaa namba yake, na sina ugomvi na kanuni hiyo. Mwandaaji ana haki ya kumtoa njiani asiye na namba. Ila kanuni hiyo inahusu kushiriki. Haimwambii mtu yeyote amwache aliyelala ukingoni mwa barabara. Nchini Kenya jambo hili halikuachiwa hata busara ya mwandaaji: ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, wala haiulizi kama amelipia fulana. Na tukiacha Katiba kando, barabara ya mtaa Jumapili asubuhi ina waendao kanisani, wauza magazeti, walevi wa kweli na watoto, na mlevi aliyepasuka kichwa naye ni mgonjwa. Mwelekezaji aliyejibiwa "si wetu" hakuachiwa nafasi ya kutumia macho yake mwenyewe, ilhali ndiye pekee kati ya wawili hao aliyekuwa akimwona mtu.

Kosa la tatu limejificha ndani ya mtambo. Waandaaji walikuwa wameweka utaratibu mzuri wa kuhakikisha hakuna anayeachwa njiani: mkeka wa kuanzia unahesabu, mkeka wa kumalizia unahesabu, tofauti inatafutwa hadi ifike sufuri. Siku hiyo ilifika sufuri huku mtu mmoja akiwa hospitali bila ndugu yake kujua. Mtambo haukukosea, kwani uliulizwa kuhusu chipu, ukajibu kuhusu chipu. Aliyekosea ni aliyeisoma sufuri hiyo mbele ya rafiki mwenye wasiwasi na kuichukua kama jibu la swali tofauti.

Katika kikao chetu ililetwa hoja ya historia, nami naiheshimu kiasi cha kuijibu. Mwanachama mmoja alisema kwamba kudandia kuna ukoo wa heshima, akamtaja Bobbi Gibb, aliyekimbia mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 1966 bila namba baada ya kujificha vichakani karibu na mahali pa kuanzia, akamaliza kwa saa 3 na dakika 21. Ni kweli. Lakini Gibb alikuwa ameomba kusajiliwa akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke, na wanawake hawakuruhusiwa rasmi Boston hadi 1972. Mlango ulikuwa umefungwa mbele ya nusu ya binadamu. Mlango wetu ulifungwa Jumatano usiku. Tena, inafaa kukumbuka kwamba Kathrine Switzer, aliyefuata mwaka 1967, alihakikisha ana namba: alijisajili kwa herufi za kwanza za majina yake na kuvaa 261 kifuani, na ilikuwa ni namba hiyo ambayo ofisa mmoja wa mbio alijaribu kumbandua barabarani. Wote wawili walijua uzito wa karatasi ile.

Hoja nyingine, ya kwamba wadandiaji humaliza maji, naisikia mara nyingi mno na sidhani ndiyo nzito. Mwandaaji makini huweka akiba. Wala ile ya kwamba barabara ni ya umma haifiki mbali: ni ya umma, na Jumatatu utaikimbia bure, pamoja na matatu zake.

Lenye uzito zaidi kwa upande wa waandaaji ni kufunga usajili siku nne kabla ya mbio katika jiji ambalo watu wengi hulipwa mwisho wa mwezi, na mishahara huchelewa. Bahasha arobaini na kitu hazikuchukuliwa. Ziliketi kwenye sanduku chini ya meza ya usajili, kila moja na namba yake, pini zake na mistari yake minne, wakati mtu aliyetaka kulipa alipita mita thelathini kutoka hapo akiwa na fulana ya kijivu. Sisemi hili linamtoa hatiani. Nasema mwandaaji anayehesabu wadandiaji kama wezi tu atakosa kuona ni wangapi kati yao ni wateja waliochelewa.

Ninarudi kwenye kunyamaza kwangu. Nimejaribu kujipima kwa swali moja: laiti ningepiga simu Ijumaa, ingekuwaje? Kuna uwezekano mwandaaji angesema asije. Kuna uwezekano angesema aje achukue bahasha ya asiyefika. Katika hali zote mbili mtu mmoja kwenye hema angekuwa na jina, na pengine neno "kisukari", pembeni ya karatasi. Sikuhitaji kumchongea. Nilihitaji kumwombea nafasi, na hilo halikunipitia akilini kwa sababu nilikuwa nimeshajibu kwa kanuni iliyonifanya nijione mwungwana.

Yaliyobadilishwa baadaye

Waandaaji sasa huuza namba za akiba, bila jina lililochapishwa, hadi nusu saa kabla ya kuanza, na wanaruhusu namba ihamishwe kwa mtu mwingine hadi Ijumaa mradi jina na simu vibadilishwe kwenye orodha. Mwelekezaji wa njia hufundishwa kuripoti mahali na hali ya mtu, na aliye kwenye redio haruhusiwi kuuliza namba hadi ambulensi iwe imekwisha kutumwa. Katika kikundi chetu, mwenye ugonjwa wowote hukimbia na bangili ya mpira yenye maandishi, hata mazoezini Karura.

Pia tulipitisha, kwa kura 14 dhidi ya 9, kwamba mratibu akijua mwanachama anataka kudandia ni lazima awapigie waandaaji simu. Wanachama wawili walituacha kwa sababu hiyo, wakisema kikundi kimegeuka kituo cha polisi, na hatujapatana nao hadi leo.

Nimelazimika kuitumia kanuni hiyo mara moja, msimu uliofuata, kwa dada mmoja aliyesahau tarehe ya mwisho. Nilipiga simu Jumamosi usiku nikiwa na haya. Mwandaaji aliniuliza jina lake na kama ana ugonjwa wowote, kisha akasema aje na shilingi 1,500 na kalamu yake, kwa maana zao huibwa. Alifika amechelewa, akajaza ile mistari minne akiwa ameegemea mgongo wangu, akaibandika namba huku akikimbilia mstari wa kuanzia. Pini moja ilimdondoka, akaenda na tatu.